Hifadhi za nchi tajiri na hifadhi za Uganda: zipi zinalinda viumbe vizuri zaidi, na sisi tuchague mtindo upi?

Desemba 2022, wajumbe wa nchi za dunia walikubaliana mjini Montreal kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ziwe chini ya ulinzi. Kwa Uganda, ambayo haina bahari lakini ina maziwa, savana, vinamasi na misitu ya mlimani, ahadi ya namna hiyo haiwezi kubaki mezani kwa waziri. Inawagusa madiwani wa wilaya zinazopakana na hifadhi, wazee wenye misitu ya ukoo, kamati za misitu ya jamii na kila mwenye shamba linaloishia kwenye mstari wa miti. Hao ndio watakaoulizwa: ardhi hii ikihifadhiwa, ihifadhiwe kwa mtindo upi?

Katika mijadala hiyo husikika kauli mbili. Ya kwanza inasema kwamba Ulaya na Marekani wamefaulu kwa sababu wana fedha, kwa hiyo tuwaige na tutafute fedha kama zao. Ya pili inasema kwamba wao walishawamaliza wanyama wao zamani, hivyo hawana la kutufundisha. Kila kauli ina ukweli ndani yake, na kila moja ikichukuliwa peke yake itampotosha anayetaka kuchagua. Ninaziweka hifadhi hizo sambamba hapa, na msimamo wangu nautaja mapema: utajiri wa nchi hutuliza mambo mengi ndani ya hifadhi, lakini kinachoamua hatima ya viumbe ni ardhi inayoizunguka na watu wanaoishi juu yake. Anayechagua mtindo wa ulinzi aanze kwa kuuliza hatari inatokea upande gani wa mpaka.

Hesabu zinasema nini, na zinaanzia wapi

Kauli ya kwanza ina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia zaidi ya makundi 1,900 ya ndege na mamalia katika hifadhi 447 duniani, ulionyesha kwamba makundi yaliyomo katika nchi zenye maendeleo makubwa yalikuwa na mwelekeo mzuri kuliko yale ya nchi zenye maendeleo madogo. Kabla yake, mwaka 2010, watafiti waliokusanya hesabu za mamalia wakubwa katika hifadhi za Afrika walikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 2005 idadi yao ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 59. Wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwa kuwa Afrika Magharibi ilipoteza takriban asilimia 85, Afrika Mashariki ilipoteza zaidi kidogo ya nusu, na kusini mwa bara idadi iliongezeka kwa karibu robo.

Anayesoma hesabu hizo na kuishia hapo ataona kwamba mjadala umekwisha. Lakini hesabu yoyote ya kupungua au kuongezeka ina mwaka wake wa kuanzia, na mwaka huo ndio unaobeba maana. Uingereza ilipoanzisha hifadhi zake za kwanza za taifa mwaka 1951, dubu na mbwa mwitu walikuwa wametoweka kisiwani humo kwa mamia ya miaka. Katika msitu wa Białowieża nchini Poland, nyati mwitu wa Ulaya wa mwisho aliuawa mwanzoni mwa karne ya 20, na waliopo leo walirudishwa porini kuanzia mwaka 1952 kutoka kwa wanyama waliokuwa wamefugwa kwenye bustani za wanyama. Huko Yellowstone, hifadhi ya Marekani iliyotangazwa mwaka 1872, mbwa mwitu waliangamizwa ndani ya hifadhi yenyewe, tena na watumishi wa serikali, hadi wa mwisho akauawa katika miaka ya 1920. Hesabu inayoanza mwaka 1970 inaanza baada ya hasara hiyo yote. Kwetu, mwaka huo huo unaanza wakati savana za Murchison Falls bado zina makundi makubwa ya tembo. Kwa hiyo nchi tajiri inaweza kuonyesha mstari unaopanda na nchi maskini mstari unaoshuka, na bado ya pili ikawa imebakiza viumbe wengi zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo wastani hauonyeshi, nalo linatuhusu sana. Tembo wa Uganda walikadiriwa kuwa takriban 30,000 katika miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki takriban 2,000. Vifaru walikuwa wametoweka kabisa kufikia mwaka 1983. Umaskini peke yake hauelezi mporomoko wa namna hiyo. Utawala ulivunjika, bunduki zikasambaa, majeshi yakapita ndani ya hifadhi, na askari wa wanyamapori wakabaki bila mshahara na bila mtu wa kuwasimamia. Amani iliporejea, na hasa baada ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, kuundwa mwaka 1996, idadi ilianza kupanda, na hesabu kubwa ya tembo wa Afrika iliyofanyika mwaka 2014 iliwakuta karibu 5,000 nchini. Uganda ilikuwa bado nchi maskini wakati wote huo. Nasisitiza mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba utulivu wa dola na usimamizi unaoeleweka vinaweza kupatikana kabla ya utajiri, na vikipatikana wanyama huongezeka.

Mitego miwili

Ili kuelewa aina ya hasara inayozikabili hifadhi za pande hizi mbili, ni vyema kutazama mitego miwili kwa karibu.

Mtego wa kwanza ni wa waya. Katika Murchison Falls na Queen Elizabeth, askari wa doria huokota mitego ya aina hii kwa mafungu. Waya huchomolewa kutoka kwenye tairi chakavu la gari, au huwa ni waya wa breki ya baiskeli, kisha husokotwa, hufungwa kitanzi upande mmoja, na upande wa pili hufungwa kwenye shina au gogo. Kitanzi huning'inizwa katika njia ambayo wanyama wamezoea kuipita kwenda majini. Anayetega huwa anataka swala au nguruwe pori, nyama ya kupika nyumbani au ya kuuza kijijini usiku. Lakini kitanzi hakichagui. Twiga, simba au mtoto wa tembo akiingiza mguu, kila anapovuta ndivyo kinavyozidi kukaza, mpaka kifike kwenye mfupa. Simba dume wa Queen Elizabeth anayejulikana kwa jina la Jacob alipoteza mguu mzima kwa mtego wa majangili, na Februari 2024 watafiti walimpiga picha usiku, yeye na ndugu yake Tibu, wakiogelea mkondo wa Kazinga kwa zaidi ya kilomita moja kati ya viboko na mamba. Watafiti wanadhani walikuwa wakitafuta majike, kwa kuwa waliobaki upande wao ni wachache. Uchache huo una historia: Aprili 2018 simba 11, wakiwemo watoto 8, waliuawa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, na Machi 2021 simba wengine 6 walikutwa wamekufa huko Ishasha, miili yao ikiwa imekatwa viungo.

Mtego wa pili ni hema dogo la kitambaa chepesi, lililosimamishwa katika uwanda wa nyasi nchini Ujerumani. Wadudu wanaoruka hukigonga kitambaa, hupanda juu wakifuata mwanga, na huishia katika chupa yenye alkoholi. Wataalamu wa wadudu wa mji wa Krefeld, wengi wao wakifanya kazi kwa kujitolea, walitega mahema hayo katika maeneo 63 yanayolindwa kisheria, wakaanza mwaka 1989 na kuendelea miaka mingi kwa mbinu ile ile, kila mara wakipima uzito wa wadudu waliopatikana. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika muda wa miaka 27 uzito huo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Katika maeneo hayo hakuna aliyetega nyaya, aliyekata miti kuchoma mkaa wala aliyevamia ardhi kulima. Sheria iliheshimiwa. Watafiti hawakuthibitisha chanzo kimoja, ila walielekeza shaka yao kwenye kilimo cha kisasa kinachoyazunguka maeneo hayo, pamoja na dawa zake na mbolea zake.

Naona kwamba hapa ndipo ulinganisho wote ulipo. Hifadhi za nchi maskini hupata hasara inayoonekana, yenye damu, inayopigwa picha na kulaaniwa. Hifadhi za nchi tajiri hupata hasara isiyoonekana mpaka mtu apime uzito wa chupa kwa miaka 27. Tathmini ya Umoja wa Ulaya iliyotolewa mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya makazi ya viumbe yanayolindwa na sheria zake, ni asilimia 15 tu yaliyo katika hali nzuri, na asilimia 81 yako katika hali duni au mbaya. Australia, nchi tajiri yenye wanasayansi hodari, ilimpoteza popo mdogo wa Kisiwa cha Christmas, ambako zaidi ya nusu ya ardhi ni hifadhi ya taifa. Sauti yake ilisikika mara ya mwisho Agosti 2009, na wanaoshukiwa zaidi ni viumbe wageni walioletwa kisiwani.

Kwa anayechagua, maana yake ni hii: kuongeza askari na magari kunatibu hasara ya mtego wa kwanza, wala hakugusi ya pili. Na sisi tunaelekea kuzipata zote mbili kwa pamoja. Miwa, chai na mpunga vinavyopuliziwa dawa tayari vinapakana na misitu yetu kadhaa, wakati nyaya bado zinategwa.

Fedha, na zinatoka wapi

Tofauti ya fedha ni kubwa, na si haki kuipuuza. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu hifadhi za Afrika zenye simba ulikadiria kwamba kusimamia vizuri kilomita moja ya mraba kunahitaji kati ya dola 1,000 na 2,000 za Marekani kwa mwaka, ilhali hifadhi ya kawaida ilikuwa ikipata takriban dola 200. Murchison Falls peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 3,840, kwa hiyo kwa kipimo cha chini kabisa ingehitaji karibu dola milioni 4 kila mwaka.

Lakini chanzo cha fedha ni muhimu sawa na kiasi chake. Hifadhi za Marekani na Ulaya huendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi za wananchi, hivyo mwaka ambao wageni ni wachache askari hulipwa na doria huendelea. Zetu hutegemea mgeni anayeshuka Entebbe. Kibali cha kuwaona gorila, ambacho kwa mgeni wa kigeni kilipandishwa kutoka dola 600 hadi 700 mwaka 2020, kinasaidia kuendesha hata hifadhi ambazo wageni hawafiki kwa wingi. Mpango huo umefanya kazi kubwa, na udhaifu wake ulijidhihirisha mwaka ule ule. Utalii ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, vijana wengi wa vijiji vinavyopakana na Bwindi, msitu wa gorila, wakakosa kazi ya kubeba mizigo na kuongoza wageni, ujangili ukaongezeka, na Juni mwaka huo gorila dume mashuhuri aitwaye Rafiki akachomwa kwa mkuki na kufa. Aliyemuua alikuwa ameingia msituni kuwinda wanyama wadogo, na alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Katika suala hili la fedha tuna kitu cha kuiga, na tayari kiko kwetu. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa dhamana kwa ajili ya Bwindi na Mgahinga kwa msaada wa takriban dola milioni 4 uliopitia Benki ya Dunia, kwa masharti kwamba mtaji uwekezwe na faida yake ndiyo itumike kwa miradi ya jamii, utafiti na ulinzi. Halmashauri au mfadhili anayechagua kati ya kununua magari mapya ya doria na kuweka kiasi hicho hicho kwenye mfuko wa namna hiyo, ushauri wangu ni achague mfuko, hata kama hauna sherehe ya kukabidhi funguo. Gari huchakaa katika barabara za Kigezi ndani ya miaka michache.

Mpaka na majirani

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti kuhusu hifadhi 60 za misitu ya tropiki katika mabara matatu. Takriban nusu zilikuwa zinadumisha viumbe wake, na nusu nyingine zilikuwa zinawapoteza. Watafiti waliona kwamba yanayotokea nje ya hifadhi ni muhimu karibu sawa na yanayotokea ndani, kwa sababu mabadiliko ya nje huingia ndani: msitu wa nje ukikatwa, moto, uwindaji na ukataji miti huvuka mstari.

Bwindi ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Hifadhi ina kilomita za mraba 321 tu, na katika sehemu nyingi bustani za viazi, migomba na chai zinafika hadi kwenye miti ya kwanza, bila hata uwazi wa kupitisha gari kati yake. Hakuna hifadhi ya Ulaya inayomlinda mnyama mkubwa adimu kiasi hiki katikati ya watu wengi na maskini kiasi hiki. Hata hivyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2019 iliwakuta gorila 459 katika Bwindi na msitu wa Sarambwe unaoungana nayo upande wa Kongo, na jumla ya gorila wa milimani duniani ikafikia 1,063. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamehamishwa kutoka kundi la spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakawekwa kundi la hatari lenye nafuu kidogo. Wanyama wakubwa walioongezeka hivi bila uzio na bila kurudishwa kutoka mahali pengine ni wachache sana duniani.

Yaliyofanyika huko yanajulikana. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazopakana nayo, na kila kibali cha gorila kina tozo inayoongezwa juu ya mgao huo. Wakazi waliruhusiwa kuingia katika maeneo maalumu kuweka mizinga ya nyuki, kuchuma dawa na kukata mimea ya kusukia vikapu. Afya ya watu pia iliingizwa katika ulinzi wa wanyama, na sababu yake ni ya kusikitisha: mwaka 1996 gorila walipata upele ulioaminika kutoka kwa binadamu, huenda kupitia nguo kuukuu zilizovishwa sanamu za kufukuzia wanyama bustanini, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa wanyama wa kwanza wa UWA, alianzisha mwaka 2003 shirika linalotibu watu wa vijiji hivyo na kufuatilia afya ya gorila kwa pamoja. Nchi tajiri chache zimefikiri hivyo kuhusu majirani wa hifadhi zao.

Lakini mfano wa Bwindi una doa ambalo halipaswi kufichwa na anayeusifu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991, Wabatwa, ambao msitu ulikuwa makazi yao na duka lao la dawa na chakula, waliondolewa bila kulipwa fidia wala kupewa ardhi. Mgao wa viingilio hupitia serikali za mitaa na miradi ya kijiji, na asiye na ardhi hafaidi mradi wa mbegu wala wa mbuzi kama anavyofaidi mwenye ekari tano. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haki za Wabatwa zilivunjwa na kwamba wanastahili hatua za kuwainua. Miaka 30 ni muda mrefu wa kusubiri kauli hiyo. Yellowstone nayo ilianza kwa kuwaondoa Washoshone na watu wengine wa asili waliokuwa wakiishi na kuwinda humo, kwa hiyo dhana ya kwamba pori halisi ni pori lisilo na watu ilitoka huko na kuja kwetu. Ni sehemu ya mtindo wa nchi tajiri ambayo naona tuikatae moja kwa moja.

Mlima Elgon unaonyesha gharama ya kuikubali. Wabenet, wafugaji na wakusanyaji wa nyanda za juu za mlima huo, wamehamishwa na kurudishwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ilitambua haki yao ya ardhi. Kuanzia miaka ya 1990 miti ilipandwa mpakani kwa mradi wa hewa ukaa uliofadhiliwa kutoka Uholanzi, na sehemu ya miti hiyo ilikatwa na watu waliosema ardhi ni yao. Miti ilikuwepo, fedha zilikuwepo, mpaka haukukubaliwa.

Kuhusu fidia, nchi tajiri zina mazoea mazuri. Mfugaji wa Ufaransa ambaye kondoo wake wameliwa na mbwa mwitu hulipwa na serikali, na husaidiwa kununua mbwa wa ulinzi na uzio. Kwetu, kwa miaka mingi mkulima ambaye tembo wamemaliza mihogo yake alipewa pole na kuelekezwa kwenye mgao wa kijiji. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mpango wa fidia kwa kifo, majeraha na mali iliyoharibiwa, na ni hatua kubwa. Thamani yake itapimwa kwa muda unaopita kati ya usiku wa tembo na siku ya malipo. Mahandaki, uzio wa umeme na mistari ya chai husaidia pia, ingawa uzio unaomzuia tembo asiingie shambani unaweza vilevile kuziba ushoroba aliokuwa akiutumia kwenda hifadhi nyingine. Hapo ndipo tahadhari ya Yellowstone inapofaa. Mbwa mwitu 31 waliletwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, wakazaana vizuri chini ya ulinzi bora kabisa, lakini katika majira ya baridi ya 2021 hadi 2022 takriban 25 kati ya wale wa makundi ya hifadhi waliuawa baada ya kuvuka mstari na kuingia katika majimbo yanayoruhusu kuwawinda.

Sheria inapokutana na mwenye nguvu

Katika suala hili nitakuwa mfupi, kwa kuwa pande zote mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kutoa takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa, watu waliandamana Kampala, baadhi walipoteza maisha, na mpango ukasimamishwa. Miaka kumi baadaye serikali ya Poland iliongeza ukataji wa miti huko Białowieża kwa hoja ya kupambana na mdudu anayekula misonobari, na Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba ilivunja sheria. Misitu yote miwili ilikuwa inalindwa kisheria, na serikali zote mbili ndizo zilizokuwa hatari. Tofauti ni kwamba Ulaya kulikuwa na mahakama nje ya nchi yenye uwezo wa kutoza faini, na kwetu kulikuwa na watu barabarani. Uchimbaji wa mafuta ndani ya Murchison Falls na miwa karibu na Bugoma vinaonyesha kwamba swali hilo halijafungwa.

Uchaguzi

Kama eneo lenu lina wanyama wakubwa na wageni wanaweza kulifikia, chukueni mtindo wa Bwindi kuliko wa Yellowstone: mgao wa mapato ulioandikwa kisheria, ruhusa ya matumizi yenye mipaka, na afya ya majirani kama sehemu ya bajeti. Ongezeni mambo mawili ambayo Bwindi haikuanza nayo, yaani ardhi kwa wanaoondolewa au haki ya kubaki, na mfuko wa akiba wa kulipa askari na vijana wa doria angalau mwaka mzima bila mgeni hata mmoja.

Kama ni msitu mdogo uliozungukwa na mashamba, mfano wenu wa karibu ni Krefeld, wala si Queen Elizabeth. Askari wengi hapo ni gharama isiyo na tija. Fedha ziende kwenye makubaliano na wakulima wa pembeni kuhusu dawa za kupulizia, kwenye ukanda wa miti ya asili kati ya shamba na msitu, na kwenye kuunganisha msitu huo na mwingine kupitia kingo za mto. Msitu mdogo ukitengwa na wenzake, ndege na vipepeo hupungua hata kama hakuna anayeingia na shoka.

Kama ni kinamasi, nendeni mkaone Mabamba, upande wa Ziwa Victoria. Wavuvi wa huko waliwahi kumwona ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, yule ambaye wageni sasa hufunga safari kumtazama, kuwa mkosi wa uvuvi, na walikuwa wakimuua. Tangu wageni waanze kulipa kupelekwa kwa mitumbwi, wavuvi wale wale ndio waongozaji. Mtindo huo hauhitaji uzio wala majengo, ila unahitaji idadi ya mitumbwi iwekewe kikomo ili ndege wasisumbuliwe.

Na kama mnafikiria kurudisha mnyama aliyetoweka, fanyeni hesabu kwanza. Vifaru walirudi Uganda mwaka 2005 na 2006 katika hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola: wanne kutoka Kenya na wawili kutoka bustani ya wanyama ya Disney huko Florida. Mwaka 2009 alizaliwa ndama wa kwanza, baba yake Mkenya na mama yake Mmarekani, akaitwa Obama. Ni furaha kubwa, na ni mahali ambapo utajiri wa wengine ulitusaidia kweli, kwa kuwa wao walikuwa wametunza tulichokipoteza. Lakini hao ni vifaru weupe wa kusini. Vifaru weupe waliokuwa wetu walikuwa wa kaskazini, na wa aina hiyo waliobaki hai duniani ni majike wawili, walioko Kenya. Wale wa Ziwa wanalindwa na askari usiku na mchana, kila mmoja akifuatwa kwa miguu, gharama ambayo hakuna wilaya inayoweza kuibeba kwa kila spishi.

Kwa vyovyote mtakavyochagua, jambo moja la Wajerumani lifanyike kabla nguzo ya kwanza ya mpaka haijasimikwa: hesabu ya mwanzo. Hesabuni ndege, miti, vipepeo na nyayo kwa njia rahisi inayoweza kurudiwa na walimu na vijana wa kijiji hicho hicho kila mwaka, wakati ule ule wa msimu, na matokeo yabandikwe ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC One, pamoja na hesabu ya mgao wa fedha. Kwa hizo karatasi mbili, mwananchi wa kawaida ataweza kumuuliza msimamizi wa hifadhi maswali ambayo leo yanaulizwa na wafadhili peke yao.